Kitendawili na Hukumu: Wasomaji wa Riwaya ya Mauaji na Swali la Mahakama

Katika fasihi ya Kiswahili liko swali ambalo wasomaji wamekuwa wakishindana juu yake kwa zaidi ya miaka sitini, wala bado halijapata jawabu la kuwaridhisha wote. Swali lenyewe ni hili: hadithi ya mauaji yapasa kuishia wapi? Je, iishie pale mjuzi mmoja anapomnyoshea kidole mwuaji, au iendelee mpaka mahakamani, mashahidi wakahojiwa na hukumu ikatolewa mbele ya watu? Makala haya yanakusudia kuyaeleza maoni yanayopingana juu ya jambo hili, na kuonyesha kwamba chanzo cha ubishi si ladha ya wasomaji peke yake. Kwa sehemu kubwa chanzo ni lugha. Kesi ya mauaji katika nchi yetu, kwa muda mrefu, haikuandikwa kwa lugha ambayo riwaya zetu zimeandikwa.

Habari hii yaanza na Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Humo mtu ameuawa, na maiti yake imekutwa mahali pa mzimu. Wengi wako tayari kuyatupa makosa kwa mizimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, pamoja na mwenzake Najum, hakubali ila kuutafuta mkono wa binadamu. Baadaye zilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, na nyingine kadha wa kadha. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, ambamo upelelezi umehamia Dar es Salaam na kuwa kazi ya polisi. Vitabu hivi vilipendwa sana, vikasomwa mbali na mahali vilikotungwa. Msomaji hupewa maiti, dalili, watuhumiwa na mpelelezi; lakini mahakama, kwa kawaida, hubaki nje ya mlango. Kitendawili huteguliwa mbele ya watu wachache, kitabu kikafungwa.

Maoni ya wasomaji juu ya mwisho wa namna hii yaweza kugawanywa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wale wanaoridhika. Hawa husema kwamba riwaya ya upelelezi ni kitendawili kirefu, na kitendawili kina desturi yake. Mmoja hutega, wengine hujaribu. Wakishindwa, hupewa jawabu baada ya kutoa mji. Hakuna aulizaye baada ya hapo hakimu atasema nini. Kwa wasomaji hawa Bwana Msa ni mtegaji na mteguaji kwa pamoja, na kumpeleka mahakamani kungekuwa sawa na kueleza tena kitendawili ambacho kila mtu amekwisha kukijua. Hoja hii ina nguvu, kwa maana yaonyesha kuwa umbo hili, ijapokuwa lilichukua mengi kutoka kwa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, lilikuta kwetu mazoea ya kale yaliyolipokea.

Fungu la pili ni la wale wanaonung'unika kwamba wamenyimwa haki yao. Hawa husema: mpelelezi ametuambia mwuaji ni nani, nasi tumemwamini kwa sababu ni mpelelezi. Lakini mshtakiwa hakupata kusema. Dalili hazikujaribiwa na mtu mwenye nia ya kuzibomoa. Kwa mujibu wa sheria ya ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, kosa la jinai lazima lithibitishwe pasipo kuacha shaka yenye maana, na mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Msomaji wa namna hii huuliza kama ushahidi wa Bwana Msa ungevuka kipimo hicho, au ungeanguka kwa swali la tatu la wakili.

Fungu la tatu ni la wahakiki, hasa wale walioandika katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hao waliuliza riwaya kama hizi zamfaidia nini mkulima na mfanyakazi. Kwao mauaji ya mtu mmoja katika nyumba ya tajiri ni burudani tu, na mpelelezi ni mtu wa kurudisha mambo yalivyokuwa bila kuuliza kwa nini yalikuwa hivyo. Baadhi ya wahakiki wa leo wamelegeza ukali huo, wakazichukua riwaya pendwa kuwa ushahidi wa hofu na matumaini ya watu wa mjini. Lakini hata katika maoni yao swali la mahakama halikupewa nafasi kubwa, nalo ndilo tunalotaka kulitazama.

Ubishi wa namna hii haupo kwetu tu. Agatha Christie, mwandishi wa Uingereza aliyesomwa kuliko karibu wote wa aina yake, aliandika hadithi fupi mwaka 1925 juu ya kijana aliyeshtakiwa kumwua mwanamke mzee kwa ajili ya urithi. Baadaye hadithi hiyo ilijulikana kwa jina la Witness for the Prosecution, yaani shahidi wa upande wa mashtaka. Katika hadithi ile, mwenye hatia aachiliwa huru, na msomaji abaki na uchungu. Alipoifanya mchezo wa kuigizwa London mwaka 1953, Christie aliubadili mwisho: mwuaji aangamia palepale mahakamani, kwa mkono wa mwanamke aliyemwokoa. Mwandishi mwenyewe, basi, aliona kwamba mambo mawili yanavutana: mahakama kutoa hukumu, na haki kutendeka. Jambo la pili la kutazamwa na wenye elimu ya lugha ni kwamba hila yote ya kisa hiki imesimama juu ya matamshi. Mwanamke mgeni ajibadili sauti na lafudhi, akawa kama mwanamke maskini wa mitaa ya London, na wakili mwenye akili nyingi asimtambue. Kisa kama hiki chaweza kutungwa tu na mtu anayejua kwamba mahakama yake itasikia maneno yaleyale yaliyosemwa na shahidi, kwa lugha ileile.

Hapa ndipo tunapofika Kilema, kwenye mteremko wa Kilimanjaro upande wa Vunjo, mahali ambapo swali la shahidi na lugha yake lina historia ndefu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alisafiri kutoka pwani kwenda kwa Mangi Masaki wa Kilema. Njiani, tarehe 11 Mei, aliona weupe juu ya kilele cha mlima. Mmoja wa viongozi wake aliuita weupe ule kwa neno moja tu, beredi, yaani baridi. Na kwa neno hilo Rebmann akafahamu kwamba alichokiona ni theluji. Habari hiyo ilipofika London, mtaalamu wa jiografia W. D. Cooley, ambaye hakupata kuuona mlima, aliikataa na kuendelea kuikataa. Shahidi alikuwapo, neno lilikuwapo, lakini mwamuzi alikuwa mbali nalo. Kisa hiki chafaa kuwa mfano kwa kila kesi ambamo neno la shahidi huhukumiwa na mtu asiyelisikia.

Tangu hapo, shauri la mtu wa Kilema limepitia lugha tatu. Ya kwanza ni Kichagga, lugha ya uwanjani. Shauri lilisikilizwa hadharani mbele ya mangi na wazee; jamaa wa pande zote mbili walisema, na aliyetaka msamaha alipeleka jani la isale, ambalo si rahisi kulikataa. Palipokosekana shahidi, viapo na laana vilishika nafasi yake. Mambo haya yameelezwa na Bruno Gutmann katika kitabu chake kikubwa cha sheria za Wachagga cha mwaka 1926. Desturi za mlimani zimeandikwa kwa Kiswahili pia na Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu, jirani wa Kilema, katika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera cha mwaka 1947. Lugha ya pili ni Kiswahili, lugha ya mahakama ya mwanzo, ambayo kwa muundo wake wa leo ilitokana na sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1963, mwaka uleule ambao utawala wa machifu ulikomeshwa. Lugha ya tatu ni Kiingereza, lugha ya kumbukumbu na hukumu za Mahakama Kuu.

Sasa mahakama ya mwanzo husikiliza wizi mdogo, ugomvi wa kilabuni na mengi ya namna hiyo. Lakini kesi ya mauaji haina mamlaka nayo. Kesi hiyo ni ya Mahakama Kuu. Kwa hiyo ikawa kwamba mahakama iliyosema na kuandika Kiswahili haikuhukumu mauaji, na mahakama iliyohukumu mauaji haikuandika Kiswahili. Mtunzi wa riwaya ya Kiswahili alipotaka kumfuata mwuaji wake mpaka kizimbani, alijikuta mbele ya mlango ambao nyuma yake maneno ya watu wake yamekwisha kugeuzwa. Hatusemi kwamba hii ndiyo sababu pekee iliyomfanya Bwana Msa aishie nje ya mahakama. Twasema kwamba ni sababu kubwa, nayo haikutazamwa vya kutosha.

Ili tuone ni nini hasa kilichokuwa kikipotea katika kugeuzwa huko, na tutazame mifano minne, ambayo kila mmoja waweza kuwa msingi wa riwaya nzima.

Mfano wa kwanza ni kiambishi cha nafsi. Shahidi asema: nilimwona akitoka mlangoni, amejifunika. Katika maneno haya hakuna dalili kama aliyetoka ni mwanamume au mwanamke, maana Kiswahili hakitofautishi. Mkalimani wa Kiingereza hana budi kuchagua. Akichagua neno la mwanamume, amekwisha kuwaondoa wanawake wote katika orodha ya watuhumiwa, na shahidi hakusema hivyo. Mtunzi wa Kiswahili aweza kumficha mwuaji ndani ya kiambishi hiki kwa kurasa mia mbili bila ya kusema uongo hata mara moja. Christie hakuwa na nafasi hiyo.

Mfano wa pili ni saa. Saa tatu ya usiku kwa Kiswahili ni saa tisa kwa hesabu ya Kiingereza. Mkalimani aliyechoka akiiacha tatu kama ilivyo, mshtakiwa aliyekuwa mbele ya watu arusini saa tatu ya usiku atakuwa hana wa kumtetea kwa saa hiyo, kwa kuwa kumbukumbu yamweka arusini alfajiri, saa sita baadaye.

Mfano wa tatu ni usiku wenyewe. Kwa watu wa pwani siku huanza jua lichwapo. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Msomaji wa bara aliyezoea hesabu ya usiku wa manane ataufahamu kuwa ni ule unaofuata. Ndiyo maana watu waangalifu husema usiku wa kuamkia Ijumaa. Shahidi wa Unguja na hakimu wa Moshi waweza kupishana siku nzima, kila mmoja akisema kweli.

Mfano wa nne ni majina ya ujamaa. Katika vihamba vya Kilema, ambako ndugu wa ukoo mmoja hukaa jirani, migomba na mibuni ya huyu ikigusana na ya yule, baba aweza kuwa mzazi au ndugu wa mzazi, na ndugu aweza kuwa wa tumbo moja au wa ukoo tu. Shahidi akisema, nilimsikia baba akigombana na ndugu yake, swali la kwanza la wakili mwenye akili ni: baba yupi, na ndugu wa namna gani? Swali hilo laweza kuulizwa tu na mtu aliyesikia neno lenyewe.

Juu ya hayo kuna jambo la mfululizo wa vitenzi. Mtu akisema, nilimsukuma, akaanguka, akafa, kiambishi cha ka chaeleza kwamba mambo yalifuatana. Hakielezi kwamba la kwanza lilikusudia la mwisho. Na katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania tofauti baina ya kuua kwa kukusudia na kuua bila ya kukusudia ni tofauti baina ya adhabu ya kifo na kifungo. Maisha ya mtu, basi, yaweza kuning'inia katika silabi moja, na katika jinsi mkalimani alivyoifahamu.

Uzito wa ukalimani umekwisha kuonekana katika kesi mashuhuri. Katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 1953, Louis Leakey ndiye aliyekuwa mkalimani wa Kikikuyu. Wakili wa washtakiwa, D. N. Pritt, alimpinga kwamba hakuwa mtu asiye na upande, na mwishowe Leakey alijiuzulu kazi hiyo. Kesi ile haikuwa ya mauaji wala lugha yake haikuwa Kiswahili, lakini yatufundisha kwamba mkalimani si dirisha la kioo. Ni shahidi mwingine, ambaye hahojiwi.

Hali ya sheria imebadilika. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiachwa kitumike pale haki inapokihitaji. Mabadiliko haya yamezungumzwa sana kwa upande wa istilahi na wa tafsiri ya sheria. Kwa upande wa fasihi hayajazungumzwa vya kutosha. Kwa mara ya kwanza mtunzi wa Tanzania aweza kuliandika shauri la mauaji la Mahakama Kuu kwa Kiswahili bila ya kujifanya: wakili aulize kwa Kiswahili, shahidi ajibu kwa Kiswahili, na hakimu aandike kilekile alichokisikia. Hadi leo, onyesho la mahakama linalojulikana sana katika Kiswahili ni lile la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969. Nalo ni shauri la deni, tena la mji wa ugenini.

Kuna jambo moja la mahakama zetu ambalo lingewafaa wasomaji wote watatu tuliowataja. Nchini Tanzania Bara hakuna baraza la raia lenye mamlaka ya kuamua hatia, kama lile la Uingereza ambalo hila ya Christie inalilenga. Kwetu jaji wa Mahakama Kuu alikaa na wazee wa baraza, wawili au zaidi. Kila mmoja alitoa maoni yake waziwazi, na jaji hakufungwa nayo. Jambo hilo lilikuwa la lazima katika kesi za mauaji mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 2022 na kuliacha kwa hiari ya mahakama. Mzee wa baraza alikuwa mtu aliyechaguliwa kwa sababu ajua mila na mwenendo wa mahali pale. Alisikia yote, akasema alionalo, kisha akamtazama mwingine akiamua. Huyo ndiye msomaji wa riwaya ya mauaji hasa. Amesikia ushahidi wote, ana rai yake, na mwandishi hana wajibu wa kuifuata.

Kwa mtazamo huu, maoni yanayopingana juu ya mwisho wa Mzimu wa Watu wa Kale na ndugu zake si kasoro ya vitabu hivyo. Ni maoni ya wazee wa baraza. Mmoja atosheka na kitendawili kilichoteguliwa. Wa pili ataka ushahidi ujaribiwe. Wa tatu auliza haki ni ya nani. Muhammed Said Abdulla, aliyefariki mwaka 1991, aliwafundisha wasomaji wake kutomkubali mzimu kuwa jawabu, nalo lilikuwa jambo kubwa kwa wakati wake. Hatua iliyobaki ni ya watunzi wa leo: kuwafundisha wasomaji kutolikubali neno la mpelelezi kuwa jawabu, mpaka limepimwa.

Kazi ya wataalamu wa lugha katika jambo hili ni ya namna mbili. Kwanza, kumbukumbu za kesi zitakazoandikwa kwa Kiswahili zichunguzwe kama matini ya lugha: mashahidi wanasemaje saa, usiku, ujamaa na kukusudia, na jinsi semi za lugha za nyumbani, Kichagga kikiwa mojawapo, zinavyoingia katika Kiswahili cha kizimbani. Pili, istilahi za mahakama zisiundwe mezani tu, bali zisikilizwe kwanza katika mahakama za mwanzo, ambako Kiswahili cha sheria kimekuwa kikitumika kwa miaka mingi na watu wasiokuwa wanasheria. Mzee wa Kilema anayekwenda kutoa ushahidi ana haki ya kuhukumiwa kwa neno alilolisema. Na riwaya itakayomwonyesha akilisema, likageuka mikononi mwa wengine, kisha likarudi kama lilivyotoka kinywani mwake, itakuwa imetegua kitendawili ambacho Bwana Msa hakupewa nafasi ya kukitegua.